Mstari wa Kumi na Tisa wa Oddný

Karatasi ya Oddný ilianza na mstari mmoja tu. Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita, mwezi wa nne, siku mgeni mmoja alipoegesha gari nje ya kituo cha mafuta cha Kaldavík akafungua mlango bila kuuliza upepo unatoka wapi. Upepo ulikuwa unatoka nyuma. Mlango uling'oka bawaba ukaenda kulala juu ya boneti, na mgeni akabaki kitini, mkono hewani, kama anayeaga mtu.

Oddný, ambaye ndiye aliyekuwa akiuza kahawa, soseji na glavu pale ndani, alimpa yule bwana kikombe cha bure, akachukua kalamu akaandika: "Shika mlango wa gari kwa mikono miwili." Akaibandika karatasi ukutani. Kesho yake akaongeza kwamba njia za mlimani hazifunguliwi hadi kiangazi kimekolea, hata kama leo jua linawaka na zinaonekana kavu, kwa sababu chini ya huo ukavu kuna tope la kumeza gari hadi vioo. Keshokutwa akaongeza kwamba daraja la gari moja ni la gari moja.

Mwaka huu karatasi ilikuwa na mistari ishirini na mitatu, imeungwa kwa gundi mara nne, na ncha yake ya chini inapangusa friji ya maziwa.

Watu wa Kaldavík, ambao wako tisini na mmoja ukihesabu na mchungaji, waliiita Waraka.

"Oddný, Waraka umefika sura ya ngapi?" aliuliza mzee Ingimar kila alipokuja kununua tumbaku ya kunusa.

"Soma mwenyewe. Wewe ndiye mstari wa nane."

Mstari wa nane ulisema: "Mzee mwenye trekta nyekundu akikuonyesha njia ya mkato, mshukuru, kisha pita njia kuu."

Oddný alikuwa na miaka hamsini na miwili. Shule aliiacha akiwa na kumi na sita akaenda kufungasha samaki kwenye kiwanda cha kugandishia, na kilipofungwa akahamia kituo cha mafuta. Watoto wake watatu: wawili wako mji mkuu na hawapigi simu inavyotakiwa, na kitinda mimba, Eydís, bado yuko nyumbani. Usingizi wa Oddný ni wa sungura. Akiamka, kabla hajautazama uso wa mumewe Ketill, anatazama ramani ya barabara kwenye simu. Kijani, njia safi. Buluu, utelezi. Nyeupe, theluji. Nyekundu, imefungwa. Kati ya Kaldavík na mji wa Breiðanes uko mlima mmoja, Kolluheiði, na rangi ya mlima huo ndiyo rangi ya siku ya Oddný.

Kazi ya Waraka haikuisha, maana kila machipuko mambo hubadilika. Mwaka huu kwenye maporomoko ya maji walikuwa wameweka kamera inayosoma namba za magari, basi ikabidi afute "egesha popote" na kuandika "lipia maegesho, hata kama humwoni mtu". Njia ya majabali ya ndege nayo ilifungwa mapema kuliko mwaka jana, kwa sababu ndege walikuwa wamekuja kutaga mapema. Oddný alifuta, akaandika, akafuta tena. Hakuna aliyemtuma. Ila mgeni akipita kwenye kaunta yake, Oddný humhesabu kama mtoto wa mtu. Ndiyo maana aliweka na daftari: andika jina lako, namba ya simu, unakwenda wapi, unarudi lini. Asiyeandika hapati sukari ya kahawa.

Sasa, mstari wa tano ulihusu matairi. Huku majira ya baridi watu huvalisha gari matairi yenye misumari ya kushika barafu, na sheria inasema yatolewe kufikia katikati ya mwezi wa nne, yasiendelee kuchimba lami. Tarehe kumi na nne, Oddný alimsimamia Ketill gereji, mikono kiunoni.

"Ketill wangu, mwisho ni leo."

"Theluji haijasoma kalenda," alisema Ketill, ambaye ni fundi wa kila kitu na mtu wa maneno machache. "Tungoje wiki moja."

"Na polisi akija?"

"Polisi yuko Breiðanes. Na yeye mwenyewe bado ana misumari, nimeiona."

"Nimeandika mstari wa tano, Ketill. Niwaambie wageni neno ambalo mume wangu halifuati? Utaniaibisha mbele ya ukuta wangu mwenyewe."

Ketill ni mtu wa amani. Akatoa misumari, akavalisha matairi ya kiangazi. Majirani walipoona jeki iko nje, nao wakaleta magari yao, moja baada ya jingine, kwa kuwa mtu akishachafuka mikono haoni taabu kuendelea. Magari saba. Ingimar naye alitaka kuleta trekta. Kesho yake Ketill alipakia matairi yote ya misumari kwenye tela, akayavusha mlima hadi Breiðanes, kwenye hoteli ya matairi. Usicheke, ndivyo inavyoitwa: unalipia, matairi yako yanalala ghalani kwa namba, pakavu na patulivu, mpaka baridi irudi.

Kwa hiyo tarehe kumi na tano Kaldavík nzima ilikuwa inatii sheria, na hakuna hata msumari mmoja upande huu wa mlima.

Wiki hiyohiyo ndipo alipoingia Baltasar, mwalimu mstaafu kutoka Ureno, na mkewe Idalina aliyevaa makoti mawili. Walikuwa wamekodi jipu kubwa, refu, ambalo bado lilikuwa na misumari yake. Watu wote husoma mistari mitatu ya Waraka, wakacheka, wakanunua soseji. Baltasar alitoa daftari lake, akavaa miwani, akanakili yote ishirini na mitatu.

"Bi Oddný," alisema. Hakuna mtu aliyewahi kumwita Bi. Huku hata mchungaji anaitwa kwa jina lake. Neno hilo lilimkaa vizuri. "Mstari wa kumi na nne unasema upepo ukifika mita ishirini kwa sekunde nisiendeshe. Ukiwa kumi na tisa?"

"Ukiwa kumi na tisa unaendesha ukijuta."

Baltasar aliandika: ukijuta.

"Na huu wa kumi na tisa. Kwamba mlima ukiwa mweupe kwenye ramani tusivuke, na mwenyeji akituambia 'itajipa tu' tusimsikilize. Mbona unawasema vibaya watu wako?"

"Nawajua," alisema Oddný. "Hilo ndilo neno letu la kwanza mtoto anapozaliwa, na ndilo la mwisho gari linapozama mtoni. Ukilisikia, usisogee."

Jumanne mlima ukiwa kijani, wakaandika kwenye daftari la kaunta kwamba wanakwenda Breiðanes na watarudi Alhamisi. Mlango wa jipu waliufunga kwa mikono miwili kila mmoja, minne jumla. Oddný aliwatazama mpaka walipopotea kwenye kona, moyo wake mweupe. Katika miaka minane hao walikuwa wanafunzi wake wa kwanza.

Alhamisi hiyo ilikuwa Siku ya Kwanza ya Kiangazi, sikukuu, na saa tano asubuhi Eydís angepata kipaimara kanisani Kaldavík. Keki ya duara juu ya duara ilikuwa tayari. Kilichobaki kuletwa kilikuwa kimoja: Petrína, mama yake Oddný, mwenye miaka themanini na sita, anayekaa katika nyumba ya wazee Breiðanes. Petrína alikuwa amehudhuria kipaimara cha watoto wake wote na wajukuu kumi na moja. Eydís ndiye wa kumi na mbili na wa mwisho. "Nikishamwona huyo," alikuwa akisema, "nitakuwa nimemaliza zamu." Neno hilo lilimkosesha Oddný usingizi tangu Krismasi.

Alitaka kumleta Jumatatu. Petrína alikataa.

"Msusi anakuja Jumatano asubuhi. Siendi kanisani na kichwa kama kiota."

"Mama, utavaa kofia ya kishada. Nani ataziona nywele?"

"Mungu ataziona. Njoo Jumatano mchana."

Jumatano saa sita ramani ilikuwa kijani. Saa nane ikawa buluu. Oddný alikuwa akimfungia Ingimar tumbaku yake alipoitazama tena, na mlima ulikuwa mweupe kama shuka. Akatoka nje. Juu huko hapakuwa na mlima tena, palikuwa na pazia.

Ketill alikuja kutoka gereji, akatazama pazia, akatazama matairi yake ya kiangazi, laini kama kisigino cha mtoto. Ketill akikaa kimya, Oddný husikia kila neno.

"Haya, sema."

"Sijasema."

"Sema kwamba ni mimi niliyekuharakisha."

"Matairi yako hotelini," alisema Ketill taratibu. "Yamelala na bibi upande mmoja. Angalau wana kampani."

Ingimar alicheka mpaka tumbaku ikampalia. "Oddný, katika Waraka hakuna mstari wa mtu aliyepeleka misumari hotelini?"

Oddný alimpigia binamu yake wa Breiðanes. Binamu alikuwa Tenerife akiota jua, kama nusu ya Breiðanes. Alimpigia Hrólfur, dereva wa greda la theluji. Hrólfur akasema upepo ni mkali, leo hapandi. Kesho ni sikukuu, ataanza saa tatu asubuhi.

"Mbebe mama yangu kwenye greda."

"Greda lina kiti kimoja, Oddný."

"Mama yangu ni mdogo."

"Mama yako alinifundisha kuogelea. Si mdogo hata kidogo."

Ndipo jicho la Oddný lilipoangukia daftari la kaunta. Baltasar na Idalina. Breiðanes. Jipu lenye misumari. Namba ya simu kwa mwandiko wa mwalimu, kila tarakimu imesimama peke yake. Akapiga.

"Bi Oddný," alisema Baltasar kwa furaha. "Tuko salama. Ramani ni nyeupe, kwa hiyo tumekaa."

"Mmefanya vizuri. Sikiliza, nina shida." Akaeleza yote: mama, mjukuu wa mwisho, msusi, matairi. "Kesho asubuhi na mapema, saa moja hivi, mngemchukua mkaja naye. Gari lenu ni zuri. Mtakwenda polepole. Itajipa tu."

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa.

"Bi Oddný, hilo neno," alisema Baltasar, kwa sauti ya mwalimu anayesikitika. "Mstari wa kumi na tisa. Umesema tukilisikia tusisogee."

"Lakini safari hii ninayesema ni mimi."

"Hujaandika 'isipokuwa mimi'."

Nyuma yake Idalina alisikika akisema kitu kirefu.

"Mke wangu anasema tutakwenda kumsalimia mama yako jioni hii, na tutamtunza kama wetu. Greda likipita na rangi ikibadilika, dakika hiyohiyo tutaondoka naye. Kabla ya hapo, hapana. Nisamehe. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Oddný alikata simu, akabaki akiutazama ukuta wake. Alitaka kumkasirikia yule mzee, hasira ikakataa kuja. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine anayeombwa avuke mlima mweupe, Oddný mwenyewe angelala barabarani kumzuia. Akapiga hesabu ya vidole: greda saa tatu, rangi labda saa nne kasorobo, mlima dakika hamsini kwa anayejua. Kwa Baltasar?

Jioni, baada ya chakula, kukiwa bado kweupe, watu wa Kaldavík walitoa visahani vya maji wakaviweka vizingitini. Ni desturi ya usiku wa kuamkia Siku ya Kwanza ya Kiangazi: maji yakiganda, majira ya baridi na kiangazi yameshikana mikono, na kiangazi kitakuwa cha baraka, nyasi nyingi na maziwa mazito. Kijiji kizima kilikuwa kinaomba barafu. Mtu mmoja tu alikuwa anaomba joto.

Ketill alimkuta mkewe ameinama kizingitini, kisahani mbele yake, pakiti mkononi.

"Oddný wangu. Hiyo ni chumvi?"

"Kidogo."

"Unaitia chumvi desturi?"

"Maji yasipoganda hapa, huenda na kule juu hayataganda."

Ketill aliwaza. "Mlima hautazami kisahani chako."

"Na wewe huujui mlima," alisema Oddný, akatia kijiko kingine.

Asubuhi maji yalikuwa yameganda, chumvi na yote. Ukigonga, yanalia kama bilauri.

Saa tatu mlima ulikuwa mweupe. Saa tatu na nusu, mweupe. Oddný alikuwa amevaa gauni lake la buluu na kiatu kimoja. Eydís, katika kanzu nyeupe, alikuwa akila mkate na samoni bila wasiwasi wowote duniani.

"Mama, vaa kiatu cha pili."

"Bibi yako hajaondoka."

"Itajipa."

"Usiniambie neno hilo leo."

Saa nne kasoro dakika tano ramani ikageuka buluu. Papo hapo ujumbe ukaingia: "Tunaondoka. Bibi yuko mbele, anaongoza. B." Saa moja na dakika tano zilibaki, na mlimani simu hazishiki.

Kanisa la Kaldavík ni dogo, ukipiga chafya kila mtu anakujibu. Oddný alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, shingo imegeuka kama ya bundi. Watoto wa kipaimara walikuwa watatu: Eydís, Ísak na Ylfa. Huku orodha zote hufuata alfabeti ya jina la kwanza, na mchungaji Hjalti, mtu wa utaratibu, hakuwahi kuipindua orodha katika maisha yake. Eydís angekuwa wa kwanza. Oddný alimwona binti yake akimwinamia mchungaji na kumnong'oneza. Mchungaji alitazama saa. Akatazama nyuma, kwenye benchi la mwisho. Kisha akatangaza wimbo wenye beti tisa.

Beti tisa ziliimbwa zote. Ingimar aliimba mbili zaidi kwa makosa, au labda si kwa makosa. Mchungaji alifungua karatasi yake, akakohoa, na kwa mara ya kwanza tangu awekewe mikono, akaisoma kutoka chini kwenda juu.

"Ylfa," alisema.

Ylfa, aliyekuwa bado anafunga kishikizo, alishtuka kama ameitwa na polisi. Akaapa, akabarikiwa, akarudi. Kisha Ísak, ambaye alijua kifungu kimoja tu cha Biblia, kile kifupi kuliko vyote, lakini leo mchungaji alimwomba akirudie polepole, akifafanue. Ísak alifafanua alivyoweza.

"Eydís," alisema mchungaji.

Eydís akasimama. Akapiga hatua moja, ndogo kuliko zote alizowahi kupiga. Nje kukasikika misumari ikisaga changarawe, taratibu, taratibu mno. Injini ikazimwa. Kisha mlango wa kanisa ukafunguka sentimita kumi, ukashikwa na mikono miwili yenye glavu, ukafunguliwa wote, na Baltasar akasimama akiuzuia kwa mwili wake mzima kama askari. Chini ya mkono wake akapita Petrína, vazi la kitaifa, kofia ya kishada, hana unywele hata mmoja unaoonekana.

"Samahani kwa kuchelewa," aliambia kanisa zima. "Huyu alisimama darajani kusubiri gari lisilokuwepo."

"Mstari wa tatu," alinong'ona Baltasar.

Petrína akaketi kando ya binti yake, akamfinya mkono. Mkono wa mama ulikuwa wa baridi, mgumu, na mkavu, na Oddný hakuuachia wakati Eydís alipopiga magoti, wala aliposimama, wala wimbo ulipokwisha.

Nyumbani keki ililiwa hadi duara la mwisho. Idalina alivua koti moja. Ingimar alimweleza Baltasar njia ya mkato ya kurudi mji mkuu. Baltasar akamshukuru, akatafuta ukurasa wa mstari wa nane, akamwonyesha. Mtu fulani alikuwa amepita kituo cha mafuta na kalamu, maana jioni Oddný alikuta chini ya Waraka, kwa mwandiko wa Ketill: "24. Usipeleke misumari hotelini kabla bibi hajafika." Hakuufuta. Wageni wanaupiga picha mpaka leo, na hakuna anayeuelewa.

Lakini kabla ya hapo, walipokuwa wanaingia ndani kutoka kanisani, Petrína alisimama kizingitini akitazama kisahani. Barafu ilikuwa bado nzima. Aliinama kwa shida, akakwangua kipande kwa ukucha, akakitia mdomoni kama alivyofanya kila mwaka tangu utoto.

Akamtazama binti yake.

"Oddný."

"Naam, mama."

"Umetia chumvi."

Ketill alianza kusoma kwa makini maandishi ya kifuta miguu. Oddný alihisi ana miaka minane.

"Kidogo tu, mama."

"Kijiko?"

"Viwili."

Petrína alitema barafu pembeni, akajipangusa mdomo. "Kipaimara chako, baba yako alikuwa amekwama upande wa pili wa mlima. Mimi nilitia nusu pakiti." Akamshika bega aingie ndani. "Maji yaliganda vilevile. Na yeye akaja vilevile. Haya, kahawa iko wapi?"